Beringi Iliyochomwa na Mshahara Uliokatwa



Wengi wetu tunaokaa Kibera na Kawangware tunaijua kazi ya gereji. Twaijua na desturi hii: beringi ikikataa kuingia katika ekseli, fundi huwasha gesi, huichoma mpaka ipanuke, kisha huigonga kwa nyundo. Huingia. Baada ya siku chache gari hurudi likinguruma, uso wa beringi umebanduka vipande, na tajiri humkata fundi mshahara.

Twasema makosa ni ya pande mbili, lakini si sawasawa.

Chuma cha beringi si chuma cha jembe. Kina kaboni kiasi cha asilimia 1 na kromu kiasi cha asilimia 1.5. Kiwandani hutiwa moto wa digrii 840 hivi, huzamishwa katika mafuta hata kikawa kigumu, kisha hupashwa tena kwa digrii 150 hadi 180 ili kisipasuke upesi. Ukikipasha kupita hapo, ugumu hupungua na vipimo hubadilika. Gesi haina kipimo. Ukiona rangi ya samawati, joto limefika digrii 300 hivi. Uso umekwisha kulainika, wala hapana grisi ya kuuponya.

Beringi ya kawaida isipite digrii 120. Njia ipo, nayo ni rahisi: iweke katika mkebe wa mafuta safi, na mkebe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji yake huchemka kwa digrii 94 au 95. Basi mafuta hayawezi kupita hapo. Lakini beringi iliyozibwa na grisi yake ndani isitiwe mafutani.

Hilo ni juu yetu mafundi. La tajiri ni kununua kipima joto na chombo cha kuvutia beringi. Tena aisome Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19: mshahara hukatwa kwa uharibifu ambao mfanyakazi ameufanya kwa kusudi. Fundi aliyepewa gesi na nyundo tu, akahimizwa amalize haraka, amekusudia nini?

Mwanachama ye yote aliyekatwa namna hiyo asinyamaze. Alete habari katika tawi lake, na beringi yenyewe ailete.

Umoja ni nguvu.