Kabla ya Kuweka Dole Gumba

Mara nyingi hapa tumezungumza habari za homa za watoto, chanjo na chakula bora. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya karatasi. Huenda ukajiuliza, muuguzi ana habari gani na karatasi za mahakama? Sababu ni kwamba yako maradhi ambayo dawa yake haimo katika kabati letu, na baadhi yake yameanzia kwenye karatasi ambayo mama aliiwekea dole gumba bila kusomewa.

Mama mmoja wa hapa kwetu Mabawa alikuwa akija kupimwa presha. Vidonge alimeza, chumvi aliacha, na bado presha ilikuwa juu. Siku moja tukamwuliza, "Mama, huko nyumbani kuna nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, mimi siumwi. Nyumba yangu inauzwa nami nimo ndani."

Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hata matanga hayajaanuliwa vizuri, shemeji yake alimletea karatasi. "Shemeji, weka dole hapa, mafao ya marehemu yasije yakachelewa." Akaweka, maana ni nani atakayebishana na ndugu wa mumewe katikati ya msiba? Kumbe karatasi ile ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Ilisema kuwa wote, mjane akiwamo, wamempendekeza shemeji awe msimamizi wa mirathi, na kwamba mjane hana madai yoyote katika nyumba. Miezi michache baadaye watu wakaja na futi kupima uwanja.

Tulisikia uchungu, kwa sababu habari hii haikuwa mpya kwetu. Miezi kadhaa kabla ya hapo aliigusia katika kikao cha umoja wetu wa wanawake kanisani. Nasi tulimwambia nini? Tulimwambia avumilie, amwombee shemeji yake, na mambo ya ukoo asiyapeleke mahakamani. Tulisema kwa upendo, lakini tulikosea. Katika miezi ile tuliyomwambia avumilie, shamba la michungwa kule Muheza liliuzwa.

Je, Mkristo hapaswi kutafuta sheria? Tunajua kwamba Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya kushtakiana ndugu kwa ndugu. Ndiyo maana suluhu hutangulia. Lakini Paulo huyo huyo, alipoona haki yake inapotea, alikata rufani kwa Kaisari. Na katika kitabu cha Hesabu, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wakadai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wanasema kweli. Kuna tofauti kati ya kutafuta amani na kunyamaza huku watoto wakitolewa nje.

Basi tuyatazame mambo ya sheria kama tunavyoyatazama ya afya. Mtoto mwenye mafua hatumkimbizi hospitali ya mkoa, zahanati inatosha. Lakini mama anayetoka damu hatumweki nyumbani tukimpa uji. Sheria nayo ina zahanati zake na ina rufaa zake.

Yako mambo ambayo hayahitaji wakili. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo hushughulikiwa na RITA kupitia ofisi zake za wilaya. Kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Baba asiyetoa matunzo ya mtoto, anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutunzwa. Aliyepigwa aende polisi, katika Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3, nasi wauguzi na waganga tutajaza yaliyotuhusu. Kama hali ni mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate. Na isisemwe kuwa mume ana ruhusa ya kumrudi mkewe kwa kipigo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

Ugomvi wa ndoa ukifika mahali pa talaka, sheria hiyo hiyo kwa kawaida hutaka kwanza ufikishwe katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Ugomvi wa mpaka wa kiwanja huanzia Baraza la Kata. Fahamu lakini kwamba tangu mwaka 2021 Baraza la Kata kazi yake katika mambo ya ardhi ni kusuluhisha tu, halikati shauri. Ukiambiwa, "Kata imeshaamua, hama," uliza vizuri.

Sasa twende kwenye maswali ambayo akina mama hutuuliza mara nyingi, wengine wakiwa juu ya kitanda cha wodi.

"Nyumba ina jina la mume wangu peke yake. Anaweza kuiuza?" Nyumba ambayo mume na mke wanaishi kama maskani yao ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa. Mke anaweza hata kuomba zuio liandikwe kwa msajili wa hati, kama nyumba ina hati. Hapo ndipo pa kumwona wakili, na umwone kabla mnunuzi hajatoa fedha.

"Mimi sikuwa na kazi, nilipika na kulea tu. Nina changu?" Swali hili lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini tusome hukumu ile yote. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha za mradi naye akazitapanya. Kwa hiyo, mama, tunza risiti za mabati na saruji, andika unacholipia, na fedha ya familia usiichezee.

"Mume amefariki bila wosia. Nani anarithi?" Hapa majibu ni zaidi ya moja, na ndiyo sababu mirathi huvuruga familia nyingi. Jirani zetu Waislamu wana mafungu yao: mjane aliyeachwa na watoto wa marehemu hupata thumni, yaani moja ya nane. Kwa Mkristo aliyeishi nje ya taratibu za mila, sheria inayotumika ni ya zamani sana, Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo humpa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Ndugu wakisema marehemu alikuwa mtu wa mila, wataleta sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, ambazo hazimpi mjane fungu bali humwachia atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga sheria hizo mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ilisema walionewa, ikaitaka Tanzania irekebishe.

Mahakama basi hutazama marehemu aliishije. Alifunga ndoa wapi? Alishika mila au aliziacha? Cheti cha ndoa na cha ubatizo si mapambo ya sandukuni, mama. Viweke mahali pakavu, utoe na vivuli vyake.

Kumbuka pia kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Kikao cha ukoo humpendekeza, mahakama humteua, naye kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wenye haki, kisha arudi mahakamani kutoa hesabu. Akifuja, wenye haki wanaweza kuiomba mahakama imwondoe. Na mjane anaweza kuwa msimamizi yeye mwenyewe.

Lini basi twende kwa wakili? Tumekusanya dalili tano, kama tunavyofundisha dalili za hatari kwa mama mjamzito.

Kwanza, ukiletewa karatasi ya kusaini inayohusu nyumba, kiwanja, shamba, au kumdhamini mtu kwa mkopo. Siku hizi mikopo ya kausha damu imeingia hata katika vikundi vyetu, na wako waliokuta samani zinabebwa kwa saini ambayo hawaikumbuki.

Pili, ukipata wito wa mahakama. Usiuweke chini ya godoro. Usipokwenda, shauri linaweza kusikilizwa bila wewe.

Tatu, mwenzako akiwa tayari na wakili wake.

Nne, mali ikiwa ya namna nyingi, au marehemu akiwa na wake na watoto katika nyumba zaidi ya moja.

Tano, wewe au mwanao mkishtakiwa kwa jinai.

"Lakini wakili ni ghali!" Ni kweli, kazi yake ina malipo. Uliza bei kwanza, na upewe risiti. Kuulizia tu mara nyingi hugharimu kidogo kuliko kesi. Tena yapo msaada ya bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao watakueleza haki zako na kukuelekeza bila malipo, ingawa hawasimami mahakamani badala yako. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari kuelekea Siku ya Sheria ya mwezi Februari, Mahakama huadhimisha Wiki ya Sheria, na watu hupewa elimu na ushauri bure. Wala lugha isikutishe: tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu.

Jihadhari na vishoka, wale wanaokaa nje ya mahakama na mkoba wakijiita mawakili. Wakili wa kweli ana leseni anayoihuisha kila mwaka. Mwombe namba yake; kijana wako mwenye simu anaweza kulitafuta jina hilo katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Wakili wa kweli hatakasirika.

Na kwa mwenye mume aliye hai, mwambieni waume zenu habari ya wosia wakiwa wazima. Kuandika wosia hakuleti kifo, kama vile kukata kitambaa cha mtoto hakuleti mimba. Uwe na mashahidi wasiopungua wawili, wasiwe wale wanaorithi, na uhifadhiwe mahali pa amana. RITA hutunza wosia.

Yule mama wa presha tulimpeleka, safari hii bila kumwambia avumilie. Msaidizi wa kisheria alimsaidia kuomba kuliona jalada la mirathi, na ndipo aliposomewa kwa mara ya kwanza kile alichokiwekea dole. Wakili akamweleza la kufanya na kumwandalia maombi. Msimamizi aliitwa aeleze mali. Ilichukua mwaka na zaidi, na shemeji hakuwa akimwamkia. Mwishowe usimamizi uliondolewa mikononi mwake, nyumba ikabaki kwa mjane na watoto. Shamba la Muheza halikurudi. Kulidai kungehitaji kesi nyingine na mnunuzi, naye alisema nguvu zimemwishia. Vidonge vya presha bado anameza, ila sasa presha inasikia dawa.

Kila msimu wa machungwa tunamkumbuka, na tunakumbuka maneno yetu. Tangu hapo, katika umoja wetu tumeweka desturi ndogo. Kukiwa na msiba, wawili kati yetu hukaa karibu na mfiwa, mmoja wao awe anajua kusoma vizuri. Karatasi ikiletwa tunamwambia mleta, kwa heshima, "Tuachie, shemeji, tuisome, kesho utaipata." Mwenye nia njema hukubali kungoja mpaka kesho.

Fanyeni hivyo nanyi katika mitaa yenu.