Mwanamke Shujaa Katika Sinema: Ni Ushujaa wa Namna Gani?

Katika miaka ya karibuni sinema zinazomweka mwanamke mbele zimekuwa nyingi, nazo zinapendwa. Wonder Woman ya mwaka 2017 iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani kote. The Woman King ya mwaka 2022, inayosimulia habari za askari wanawake wa ufalme wa Dahomey, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Benin, ilipita dola milioni 90. Hata katika vibanda vya video vya mitaani kwetu, ambako shujaa alikuwa daima mwanamume mwenye bunduki na kazi ya mwanamke ilikuwa kupiga mayowe, vijana sasa hulipa kiingilio kumtazama mwanamke akiongoza jeshi. (Msimuliaji anayetafsiri huongeza ya kwake, na aghalabu mzaha wake humrudisha mwanamke jikoni kabla pambano halijaisha. Hilo tuliache kwa leo.)

Wako viongozi wa walei wanaouliza Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika mambo ya burudani. Jibu letu ni kwamba sinema inafundisha, tupende tusipende, na wanafunzi wake ni watoto wetu. Ikiwa inawafundisha kwamba mwanamke ni mtu kamili mwenye akili, uamuzi na heshima, basi inatusaidia katika kazi ambayo barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili juu ya hadhi ya mwanamke ilitukumbusha mwaka 1988. Lakini yatupasa kutazama kwa macho mawili, maana si kila mwanamke anayeshinda katika sinema ameishindia haki.

Tuchukue hiyo The Woman King. Inaanza vizuri. Msichana Nawi anakataa kuolewa na mwanamume mzee anayempiga hata kabla ya posa kukamilika, na baba yake kwa hasira anamtupa katika jumba la mfalme. Huko anafundishwa vita na Jemadari Nanisca, mwanamke ambaye mwenyewe alibakwa akiwa mateka. Sinema haifichi jeraha hilo wala hailifanyii mchezo, na kwa hilo tunaisifu. Ugumu uko katika historia. Sinema yamwonyesha Nanisca akimshawishi Mfalme Ghezo aache kuuza watumwa na badala yake auze mafuta ya mawese. Ghezo wa kweli, aliyetawala tangu mwaka 1818 hadi 1858, alipata kiti cha enzi kwa msaada wa mfanyabiashara ya watumwa kutoka Brazil, na alitia sahihi mkataba wa kuikomesha biashara hiyo mwaka 1852 tu, baada ya manowari za Waingereza kuzifunga bandari zake. Na jeshi lile la wanawake, pamoja na ushujaa wake wote, lilikwenda vijijini kukamata watu wa kuuzwa. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo wanawake.

Hatusemi hayo ili kuwaharibia watu starehe yao. Twasema kwa sababu ndipo penye swali la haki. Mwanamke akipewa panga na kutumwa kumteka mwanamke mwenzake, jeuri imebaki ile ile, imebadili mkono tu. Sisi tuliosoma habari za Yezebeli pamoja na zile za Debora hatuna budi kulijua hilo.

Sasa tuitazame sinema nyingine, ambayo haikupata bahati sokoni. Queen of Katwe ya mwaka 2016 iliongozwa na Mira Nair, nayo yasimulia habari za kweli za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe mjini Kampala, aliyejifunza mchezo wa sataranji katika kikundi kilichoanzishwa na Robert Katende, mwalimu aliyefanya kazi na shirika la Kikristo la michezo. Mwaka 2010 binti huyo aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia huko Urusi. Gharama ya kuitengeneza sinema hiyo ilikuwa dola milioni 15, lakini katika majumba ya sinema iliingiza kama milioni 10. Hapana panga ndani yake.

Wengi humsifu Phiona, na ni haki yake. Sisi tungependa waamini wamtazame zaidi mama yake, Nakku Harriet, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o. Ni mjane. Anauza mahindi. Wako wanaume walio tayari kumsaidia, kwa masharti yanayojulikana, naye anayakataa, na gharama ya kukataa kwake ni njaa. Mwanawe anagongwa na pikipiki, fedha za hospitali hakuna, na mwenye nyumba anawatoa nje na vyombo vyao. Binti yake mkubwa amekwisha kumfuata mwanamume mwenye pikipiki na nguo nzuri. Mwalimu anapokuja na habari za sataranji, Harriet anamshuku, kwa kuwa ameona matumaini mengi yakiwarudisha watoto wa maskini mahali pabaya kuliko walipoondoka. Hata hivyo, siku inafika anauza kitambaa chake cha thamani ili apate mafuta ya taa, binti apate mwanga wa kusomea.

Mwanamke huyo twamjua. Yumo katika kila jumuiya ndogo ndogo. Anashika zamu ya kufagia kanisa, analeta zaka kwa sarafu, na jina lake halimo katika halmashauri ya parokia. Ni rahisi kumshangilia Nanisca, kwa kuwa Nanisca hatuombi kitu. Harriet anatudai nyumba.

Kuhusu deni hilo la nyumba, iliwahi kutengenezwa sinema Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, Neria, kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga. Ni ya zamani, lakini hatujaona mpya iliyoishinda. Neria na mumewe wamejenga maisha mjini kwa jasho la wote wawili. Mume anakufa kwa ajali, na shemeji, Phineas, anakuja kuchukua gari, vyombo, nyumba, mwishowe hata watoto, na neno lake kila mara ni mila. Neria anakwenda mahakamani na kupata haki yake. Hakuna vita, kuna karatasi, hakimu, na rafiki wa kike aliyemtia moyo.

Kwetu Tanzania, Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ilimpa haki mama mmoja wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, shamba ambalo mpwa wake alidai haliwezi kuuzwa na mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsia yake. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa kudai jambo hilo hilo, na katika kitabu cha Hesabu imeandikwa kwamba Mungu aliwakubalia. Pamoja na hayo yote, akina Phineas bado wanafika siku ya arobaini wakiwa na lori, na wengine wao ni watu wa kanisani. Katekista amesoma sala za mazishi, mwenyekiti wa jumuiya amekusanya rambirambi, na lori linapopakiwa kila mmoja asema hayo ni mambo ya ukoo.

Kwa hiyo tunaziomba parokia zenye televisheni au projekta zionyeshe sinema hizi mbili, Queen of Katwe na Neria, kwa jioni mbili, na zisiziachie WAWATA peke yao. Akina mama wanayajua hayo bila kuonyeshwa. Waalikwe wazee wa koo, wanaume wa jumuiya na vijana wa kiume, na awepo mtu anayeijua sheria ya mirathi, mwanasheria au msaidizi wa kisheria, wa kujibu maswali. Shemeji anapoingia nyumbani kwa Neria kuchukua vitu, sinema isimamishwe kidogo, na kila jumuiya iulizwe ina wajane wangapi, na ni wangapi kati yao wanaolala leo katika nyumba walizojenga na waume zao.