Saba Saba Ina Wenyewe

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa saba, barua humiminika katika ofisi ya chama. Tawi moja lataka bendera, jingine lataka msemaji, la tatu lataka fedha ya kununulia ng'ombe wa sherehe. Hatumnyimi mtu furaha yake. Lakini katika barua zote tulizozipokea safari hii hatukuona hata moja iliyouliza siku yenyewe ni ya nini. Kwa hiyo twaona yafaa tuliseme jambo hilo hapa, waziwazi, kabla ngoma hazijaanza kulia.

Juzi juzi tulikuwa katika tawi moja lililo karibu na mpaka wa Kenya. Mkutano ulipokwisha tukawauliza vijana, Saba Saba ni nini? Kijana wa kwanza alijibu upesi: ni maonyesho ya biashara, Dar es Salaam, barabara ya Kilwa. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, Saba Saba ni TANU." Ndipo msichana mmoja, ambaye wajomba zake wako ng'ambo ya mpaka, akasema kwamba kwa wajomba zake Saba Saba ni siku ya mabomu ya machozi. Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sisi twaona wote watatu walisema kweli.

Tuanze na neno la mzee. Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954, wajumbe wa Tanganyika African Association walikuwa wamekutana Dar es Salaam, mtaa wa New Street, ambao sasa huitwa Lumumba. TAA ilizaliwa mwaka 1929, na kwa miaka mingi ilikuwa chama cha kujuana na kusaidiana zaidi kuliko cha siasa. Wajumbe wale wakaibadili iwe chama cha siasa hasa, wakakiita Tanganyika African National Union, na Rais wake akawa mwalimu wa shule ya Pugu, Julius Nyerere. Waasisi wanaohesabiwa ni 17. Ndugu msomaji, ifikiri hesabu hiyo. Watu 17 hawajazi basi moja. Hapakuwa na tarumbeta wala gwaride, na twadhani Gavana Twining alilala usingizi wake wote usiku ule.

Na kuingia katika chama hakukuwa jambo la bure. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na Mwafrika aliyesoma wakati ule alikuwa na waajiri wachache mno nje ya serikali na misheni. Karani aliyechukua kadi alikuwa ameuweka mshahara wake mezani. Nyerere mwenyewe, aliporudi kutoka New York mwaka 1955 alikokwenda kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague kati ya ualimu na chama, naye akauacha ualimu. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu twaielewa bei hiyo, maana twajua ni nyumba ngapi hula kwa mshahara wa mwalimu mmoja.

Kisha kazi ikaanza, na kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza macho. Bibi Titi Mohamed alikwenda kwa akina mama wa Dar es Salaam katika vikundi vyao vya ngoma, na waliozoea kukutana kwa ajili ya lelemama wakawa wauzaji wa kadi. Makatibu walitembea kwa baiskeli na kwa miguu. Katika Usukuma serikali ilikizuia chama kwa miaka kadhaa. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, akatozwa faini. Jambo ambalo sisi wa magazeti ya vyama tuna sababu ya kulikumbuka. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka ule ule wa 1954 ulifikiri kwamba nchi yaweza kujitawala baada ya miaka 20 au 25, na Waingereza wakaona hata hiyo ni haraka mno. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Ni miaka 7 na miezi 5 tangu mkutano wa New Street.

Wapo watakaorukia hapo: saba ya saba, na miaka saba! Waachieni wapiga ramli kazi yao. Jina lenyewe lilishika kwa sababu nyepesi. Mwingereza husema Julai, na sisi twasema mwezi wa saba, basi tarehe ikajiimba yenyewe ulimini. Chuoni mkufunzi wetu alituandikia tarehe ubaoni safu kwa safu, nasi tukazikariri kama majina ya mito. Hakutuambia kwamba ukiichukua tarehe moja ukaifuata mwaka hadi mwaka, nchi hadi nchi, utakuta ndani yake mambo yasiyopatana hata kidogo. Hii yetu, iliyoleta heri Tanganyika, iliwahi kuwa siku ya msiba kwa watu wengine.

Tarehe 7 Julai 1898, mjini Washington, Rais William McKinley alitia sahihi azimio la kuvitwaa visiwa vya Hawaii. Hawaii ilikuwa dola yenye ufalme wake, bunge lake na mabalozi wake. Malkia wake, Liliuokalani, alipinduliwa Januari 1893 na wenye mashamba na wafanya biashara, huku askari wa manowari ya Marekani wakiwa wameteremshwa pwani. Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 1897 walizunguka visiwani wakikusanya sahihi za kupinga nchi yao isitwaliwe, wakapata zaidi ya 21,000, na wenyeji wote, wadogo kwa wakubwa, walikuwa kama 40,000 tu. Karatasi zile zilipelekwa Washington, na mkataba wa kuitwaa Hawaii ukakosa theluthi mbili za kura zilizotakiwa katika Seneti. Twataka vijana wetu watue hapo kidogo. Watu wasio na manowari hata moja walikwenda nyumba kwa nyumba na kalamu, na dola kubwa ikakwama.

Lakini mwaka uliofuata vikazuka vita kati ya Marekani na Hispania, Hawaii ikaonekana kituo kizuri cha meli ziendazo Ufilipino, na wale waliokosa theluthi mbili wakatafuta njia nyingine: wakapitisha azimio la kawaida ambalo lilihitaji wingi wa kura tu. Ndilo McKinley alilotia sahihi. Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa kupinduliwa kwa malkia. Radhi ilichukua miaka 100, na nchi haikurudishwa.

Katika bahari hiyo hiyo ya Pasifiki, tarehe 7 Julai 1978, visiwa vya Solomon vilipata uhuru wao kutoka kwa Uingereza. Huko nako palikuwa na waliotangulia: baada ya vita vikuu vya pili watu wa kisiwa cha Malaita walijiunga, wakakataa kodi na kazi za mashamba ya wageni, na maelfu yao wakatiwa gerezani.

Sasa tufike kwenye neno la msichana yule, ambalo ndilo gumu kwa gazeti la chama.

Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1982, kifungu cha 2A kilipoingizwa katika katiba. KANU ilikuwa chama kilichoongoza nchi katika uhuru, na hapana mtu awezaye kukifutia sifa hiyo. Lakini ilipofika mwaka 1988 wapiga kura walikuwa wakipangwa mstari mchana kweupe nyuma ya wagombea, na watu wakalalamika kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, ambao wote wawili walipata kuwa mawaziri, walitaka vyama vingi viruhusiwe. Wakaitisha mkutano wa hadhara Jumamosi ya tarehe 7 Julai katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, uwanja ule ule ambamo wananchi walikuwa wakikusanyika zamani kudai uhuru. Walinyimwa kibali. Tarehe 4 wakakamatwa na kuwekwa kizuizini.

Watu wakaenda hivyo hivyo. Polisi waliwatawanya kwa marungu, mabomu ya machozi na risasi, na ghasia zikaendelea siku kadhaa katika Nairobi na miji mingine kama Nakuru na Murang'a. Watu zaidi ya 20 walikufa, na mamia wakakamatwa. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi kama ilivyokuwa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Tarehe 7 Julai 2025, miaka 35 baadaye, vijana wa Kenya walitoka tena, wengi wao wakiwa hawajazaliwa siku ya Kamukunji. Polisi wakafunga barabara za kuingilia Nairobi, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikahesabu waliokufa zaidi ya 30.

Kuna wenzetu katika chama wasiopenda Saba Saba hizi mbili zitajwe kwa pumzi moja. Husema, ile ya New Street ni yetu, na hii ya Kamukunji ni ya wachochezi. Twawauliza ndugu hao: neno "mchochezi" lilikuwa la nani kwanza? Lilikuwa la Bwana Shauri, na aliyeitwa hivyo alikuwa mwanachama wa TANU. Kunyima kibali cha mkutano, kumfunga mtu kwa maneno aliyoyasema, kumtisha karani kwa mshahara wake, vyote hivyo tulivikuta ofisini kwa mkoloni pamoja na meza zake na kabati zake. Meza tulikuwa na haki ya kuzirithi.

Wala tusijifanye kwamba upande wetu wa mpaka hauna la kujibu. Tanzania nayo ilikuwa ya chama kimoja kwa katiba ya mwaka 1965. Mwanzoni mwa mwaka 1990 Mwalimu Nyerere, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alianza kusema kwamba jambo la vyama vingi lijadiliwe, lisifanywe mwiko. Tume ya Jaji Nyalali ikazunguka nchini mwaka 1991. Watu kama 8 katika kila 10 walisema tubaki na chama kimoja, lakini tume ikashauri kwamba wale wachache nao wasikilizwe, na mwaka 1992 mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Kenya mlango ule ule ulivunjwa kutoka nje, tena kwa damu. Twaisifu hekima ya mwaka 1992, lakini hatuwezi kulala juu ya sifa hiyo, maana Januari 2001 watu waliuawa Unguja na Pemba katika maandamano yaliyotokana na uchaguzi. Mlango uliofunguliwa mara moja waweza kurudishwa taratibu, komeo kwa komeo, na wanaofanya hivyo kwa kawaida huwa wamevaa sare za sherehe.

Siku hii ina mambo ya heri pia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Arusha Novemba 1999 ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000, baada ya jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Na Novemba 2021 UNESCO, katika mkutano wake wa Paris, iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2022. Heshima hiyo imewekwa mahali pake. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, katibu wa TANU aliyetoka Pwani aliweza kusimama mkutanoni mbali na kwao akaeleweka, kwa sababu alikuwa na lugha hiyo mdomoni. Basi tusiifanye siku ya Kiswahili kuwa siku ya mashairi ya kuwasifu wakubwa. Mwaka 1954 Kiswahili kilikuwa lugha ya kuuliza maswali.

Kijana wa maonyesho hatumlaumu. Maonyesho ni mazuri, sisi wenyewe tumewahi kununua jembe pale. Hakufundishwa zaidi, na waliopaswa kumfundisha tulikuwa tukihesabu viti vya wageni wa heshima.

Kwa hiyo twapendekeza jambo moja kwa matawi yote mwaka huu. Tarehe 7 asubuhi, kabla ya ngoma na kabla ya ng'ombe kuchinjwa, mkutano ufunguliwe kwa katibu kusoma daftari la tawi mbele ya watu: wanachama ni wangapi, ada imeingia kiasi gani, imetumika wapi, na ni malalamiko gani yaliletwa yakakaa bila kujibiwa. Wasio wanachama wakaribishwe, nao wapewe nafasi ya kwanza ya kuuliza, kabla ya viongozi na kabla ya wazee wa tawi. Maswali yaandikwe kama yalivyoulizwa, yasipambwe, na nakala iletwe kwetu. Tutayachapa katika ukurasa huu, hata yale yatakayotuuma. Katibu yeyote anayeona daftari lake halifai kusomwa mbele ya watu atuandikie kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, tumpelekee mtu wa kumsaidia kulipanga.