Tulinde Lango au Tulinde Nyumba?

Aendaye Makangale kwa njia ya nchi kavu hupita Konde, kisha huingia katika msitu wa Ngezi, na huko hukuta lango. Mgeni atakaye kuutazama msitu hulipa ada yake hapo, ndipo aendelee mbele kuelekea Vumawimbi, Verani, na Ras Kigomasha penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1900. Lakini ajaye kwa ngalawa hutua pwani bila ya kuonana na bawabu wa lango lile. Wala bawabu hawezi kulaumiwa kwa hilo, maana hakuwekwa pwani.

Tumeutaja msitu huo kwa sababu wafanya biashara wetu, wa Pemba na wa kwingineko, wanajiwa siku hizi na wauzaji wa aina mbili. Wa kwanza huuza ulinzi wa kuperuzi, yaani chombo kinachokaa njiani kati ya kompyuta na mtandao na kuzuia kurasa za wezi zisifunguke. Wa pili huuza ulinzi wa kifaa, yaani programu inayokaa ndani ya kila kompyuta na kuangalia kila litendekalo humo. Kila mmoja husema kwamba bidhaa ya mwenzake haina kazi. Sisi hatuuzi chochote katika hivyo, na kwa hiyo twaweza kusema bila ya hofu ya kukosa mnunuzi.

Huenda yupo atakayeuliza Makangale inahusika vipi na mambo hayo ya miji mikubwa. Inahusika sana. Makangale ya leo si ya mvuvi na mkulima peke yao. Ni mahali penye hoteli za pwani ambazo wageni wake huweka nafasi wakiwa Ulaya, na tangu mwaka 2013 mgeni aweza hata kulala katika chumba kilicho chini ya maji ya bahari. Nakala za pasipoti za watu hao, tarehe zao za safari na barua za malipo yao hukaa katika kompyuta ya msimamizi. Wafanya biashara hutakiwa kutoa stakabadhi za kodi kwa njia ya kielektroniki. Hata kijana mwenye duka la kutoa nakala, ambaye mali yake yote ni kompyuta moja na mashine moja ya kuchapa, hupokea kutwa nzima flashi za wanafunzi na za walimu. Kompyuta hiyo ikifa, duka limekufa.

Basi na tuutazame kwanza ulinzi wa lango. Kila mtu anapotaka kufungua ukurasa, kifaa chake huuliza katika orodha ya mtandao: jina hili lakaa wapi? Mlinzi wa lango ndiye ajibuye swali hilo, na jina likiwa la mwizi ajulikanaye, hakutoi jibu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hulipiwa kidogo au halilipiwi kabisa. Quad9, shirika lisilotafuta faida ambalo makao yake yako Uswisi, latoa huduma hiyo bure tangu mwaka 2017; Cloudflare nao waliweka ya kwao mwaka 2020. Fundi huandika tarakimu chache katika ruta ya ofisi, na kila kifaa kitumiacho ruta ile, hata simu ya mgeni aliyeketi barazani, huingia chini ya ulinzi siku hiyo hiyo. Kompyuta kuukuu haiongezewi mzigo wowote.

Udhaifu wake ni ule wa bawabu wa Ngezi. Humjua mwizi aliyekwisha andikwa, na wezi wa leo hufungua ukurasa asubuhi na kuuacha jioni kabla jina halijafika katika orodha. Mfanyakazi akizima mtandao wa ofisi na kutumia bando la simu yake, amekwisha lipita lango. Na flashi ya mwanafunzi haipiti langoni kamwe. Hiyo ndiyo ngalawa yetu.

Mlinzi wa ndani ya nyumba hufanya kazi nyingine. Yeye hatazami jina la mtu tu, hutazama matendo. Programu ikianza ghafula kuyafunga mafaili yote kwa fumbo, moja baada ya jingine, huishika mkono, hata ikiwa haijapata kuonekana popote duniani. Lakini hulipiwa kwa hesabu ya kila kifaa, kila mwaka, aghalabu kwa dola. Hutaka masasisho, na masasisho hutaka bando. Tena zile za daraja la juu hupiga kengele usiku na mchana zikitaraji kwamba yupo mtu wa kuzisikiliza. Kampuni isiyo na mtu huyo imenunua mbwa wa kubweka katika uwanja usiokaliwa.

Ndugu zetu wa hoteli yawapasa walisikilize hili kwa makini. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Microsoft ilieleza habari za wezi walioanza kazi Desemba 2024, wakiwaandikia wafanyakazi wa hoteli za Ulaya, Asia, Amerika Kaskazini na Oceania barua pepe zilizojifanya zimetoka Booking.com. Barua yasema mgeni amelalamika, tafadhali fungua hapa. Ukurasa ukifunguka, humwambia mfanyakazi athibitishe kuwa yeye ni binadamu kwa kubonyeza vitufe fulani na kubandika maneno fulani katika kisanduku cha Windows. Akitii, ameiingiza kwa mkono wake mwenyewe programu ya kuiba maneno ya siri. Hapa tofauti ya walinzi wetu wawili ni bayana. Wa lango aweza kuuzuia ukurasa ule ikiwa wajulikana. Ukishampita, hana habari tena, kwa kuwa kilichofuata kilitendwa na mwenye nyumba. Wa ndani ndiye aliyebaki na nafasi ya kuuliza: amri hii imetoka wapi?

Mfano wa pili ni wa tarehe 12 Mei 2017, siku ilipotoka programu ya kuteka nyara iliyoitwa WannaCry. Ilizifikia kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Haikuhitaji mtu afungue ukurasa wowote. Ilitoka kompyuta hadi kompyuta kupitia ufa ndani ya Windows, ufa ambao Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake tangu Machi. Na kuna jambo la ajabu ambalo wauzaji wa malango hawapendi kulisimulia. Programu ile, kabla ya kuanza uharibifu, iliuliza jina fulani la mtandao, ikijibiwa, ilijizima. Kijana mmoja wa Uingereza alilisajili jina hilo na tufani ikapungua nguvu. Basi ofisi ambazo malango yao yalilifungia jina lile kwa kudhani ni la adui zilijiondolea kinga iliyokwisha patikana.

Je, tumtegemee mlinzi wa ndani peke yake? Tarehe 19 Julai 2024 ilijibu swali hilo. Sasisho lenye kosa la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa vifaa inayotegemewa na mashirika makubwa, liliziangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja, na ndege zikabaki viwanjani. Hapakuwa na mwizi. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeiangukia nyumba. Kwa kompyuta nyingi dawa ilikuwa fundi afike mbele ya kila moja, aiwashe kwa namna ya pekee na kulifuta faili lenye kosa. Na wafikirie watu wa Makangale wakimngoja fundi huyo atoke Chake Chake, au avuke bahari kutoka Unguja.

Maoni yetu, basi, ni haya. Mwenye duka dogo aanze na lango la bure, kisha awashe mlinzi ajaye pamoja na Windows bila ya malipo. Tunasema awashe, kwa sababu wengi humzima makusudi wapate kuweka programu za wizi zilizovunjwa kufuli, na ndani ya hizo ndimo mwizi aghalabu hujificha. Huko ni kumwachisha askari kazi ili mwizi apate kukuletea kitanda cha bure. Pia atazame umri wa nyumba yake: Windows 10 ilikoma kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kununua mlinzi wa thamani kwa nyumba yenye kuta zilizooza ni kutupa fedha. Hoteli yenye habari za wageni, na chama cha ushirika chenye fedha za wanachama, hawana budi kuulipia ulinzi wa ndani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuwa ya mapambo.

Na wote waweke nakala za akiba katika diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Kampuni ya meli ya Maersk, ilipopigwa na NotPetya mwezi Juni 2017, ilikuta seva zake zenye daftari la mtandao wake zimefutwa dunia nzima ila moja, ya ofisi ya Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio. Wapemba, waliotegemea jenereta za Wesha hadi waya wa chini ya bahari ulipofika kutoka Tanga mwaka 2010, wana haki ya kutabasamu kidogo hapa.

Neno letu la mwisho ni kwa wakubwa. Serikali imewataka wananchi wafanye biashara kwa mtandao, na wananchi wameitika. Si haki kuwaita uwanjani kisha kuwaacha bila ya ngao. Makampuni ya simu yanaweza kuweka ulinzi wa lango kwa kila mteja mdogo bila ya kumwongezea bei, kwa sharti kwamba mteja aweza kuukataa, na kwamba orodha ya majina yanayozuiwa ni ya wezi tu. Twalisema sharti hili la pili tukijua kuwa gazeti letu ni la Chama: lango lililowekwa kwa ajili ya mwizi lisije likatumika kumzuia msemaji, na orodha yake iwe wazi kwa ukaguzi. Kikosi cha TZ-CERT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kina maarifa ya kazi hii. Mafunzo yake yasiishie katika kumbi za Dar es Salaam na Unguja. Yaanze Konde, siku ya mnada au siku nyingine yoyote, mahali ambapo mwenye hoteli wa Makangale na kijana wa duka la nakala wanaweza kufika asubuhi na kurudi kwao kabla ya magharibi.