Mgongo wa Mama na Hofu ya Wenzake



Mama mmoja wa jumuiya alinijia ofisini akilia. Daktari alimshauri ajaribu mazoezi ya yoga kwa ajili ya mgongo unaomtesa miaka mingi; wanajumuiya wenzake wakamwambia kwamba akihudhuria atakuwa ameukana ubatizo wake. Akaacha. Mgongo ungali unamuuma.

Ni nani aliyewapa mamlaka hayo? Waraka wa Roma wa tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya tafakari ya Kikristo, uliotiwa saini na Kardinali Ratzinger, haukuyafungia mlango mazoezi ya mwili. Ulionya jambo jingine: utulivu uletwao na mazoezi hayo usidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo nalishika. Chimbuko la yoga ni dini za India, na mwalimu akianza kuwaimbisha watu sifa za miungu, Mkristo na ainuke aondoke. Lakini kuunyoosha uti wa mgongo na kuvuta pumzi polepole, peke yake, si ibada. Mwaka 2017 chama cha matabibu wa Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Tena pumzi ikitulia, moyo hupunguza mbio na wasiwasi hupungua. Hata sala hupata nafasi. (Sisi tunaosinzia juu ya kitabu cha Masifu tungefaidika pia.)

Nimemwambia mama arudi mazoezini. Waliomtisha nawangoja ofisini, Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi.