Masomo ya Jumla si Mzigo wa Kutuliwa Njiani

Kila mwaka wa masomo unapoanza na ratiba kubandikwa ukutani, swali lile lile husikika miongoni mwa majandokasisi: takwimu, sosholojia, uhasibu na saikolojia vina kazi gani kwa mtu anayejiandaa kuadhimisha Misa na kuungamisha? Wapo wanaoyaita masomo ya kupita tu. Unakesha usiku wa kuamkia mtihani, unapata alama ya kufaulu, kisha daftari linarudi sandukuni. Nao baadhi ya waamini parokiani huuliza kwa nia njema kabisa: kwa nini padre akae darasani miaka mingi hivyo, ilhali vigango vyetu vinapitisha wiki nyingi bila Misa?

Swali hili tunaliheshimu, maana njaa ya Ekaristi vigangoni ni ya kweli. Ila jibu lililozoeleka, kwamba masomo hayo yapo kwa sababu wakubwa wameyapanga, halimshibishi mtu. Tungependa leo tuchungulie nje ya uzio wetu, kwa ndugu zetu Wayahudi. Swali hili limewasumbua kwa zaidi ya karne moja, na walivyohangaika nalo kunaweza kutufundisha.

Mwaka 1892 chuo mashuhuri cha Talmudi cha Volozhin, katika nchi ambayo leo ni Belarusi, kilifungwa katika mvutano na serikali ya Kaizari wa Urusi. Mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa lilikuwa masomo ya kawaida, yale yasiyo ya dini. Miaka michache baadaye wahamiaji Wayahudi waliofika New York walianzisha seminari ya kuwaandaa marabi, wakaipa jina la Rabi Isaac Elchanan. Nia yao ilikuwa kuendeleza usomaji wa Talmudi kama walivyouzoea Ulaya Mashariki. Lakini mwaka 1908 wanafunzi wenyewe waligoma. Walidai wafundishwe na masomo ya kawaida, kwa kuwa waliona wangetumwa kuongoza watu ambao hawatawaelewa, wala watu hao hawatawaelewa wao.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Kwetu manung'uniko ni kwamba masomo ya jumla yamezidi. Kule vijana waligoma kwa sababu yalikosekana.

Madai yao hayakupotea bure. Mwaka 1915 Rabi Bernard Revel alishika uongozi, na mwaka 1928 kikafunguliwa chuo kinachotoa shahada kando ya seminari ile. Mwaka 1945 kikapata hadhi ya chuo kikuu, ndicho Chuo Kikuu cha Yeshiva cha leo. Utaratibu uliojengeka humo ni huu: asubuhi mwanafunzi anasoma Talmudi na vitabu vitakatifu, mchana hadi jioni anasoma hisabati, historia, fasihi, biolojia au uchumi. Kauli mbiu yao huunganisha maneno mawili ya Kiebrania, Torati na elimu. Si Wayahudi wote wanaokubaliana nao. Wapo walimu wakubwa wa Torati wanaosema kwamba saa za mchana zinaiibia asubuhi. Ubishi huo haujaisha, na pengine ni vema usiishe, kwa maana unamlazimu kila mwanafunzi ajiulize kwa nini amekaa darasani.

Faida ya utaratibu huo inaonekana zaidi katika somo la maadili ya Kiyahudi. Chukua kanuni moja inayojulikana sana kwao: kuokoa uhai wa mtu kunaitangulia sheria ya Sabato. Talmudi inaijadili katika kitabu kinachohusu Siku ya Upatanisho, siku ya mfungo mkuu kuliko yote. Je, mgonjwa apewe chakula siku hiyo? Jibu ni kwamba atalishwa kwa neno la wataalamu. Na mgonjwa mwenyewe akisema kwamba anahitaji kula, asikilizwe. Ona basi: sheria ya Mungu, kama wao wanavyoisoma, inatuma watu kwa mganga kabla ya kutamka hukumu. Rabi asiyejua kuuliza kuhusu ugonjwa hawezi kuamua kuhusu mfungo. Elimu ya mwili imo ndani ya tendo lenyewe la kumtii Mungu.

Ndiyo maana katika chuo hicho alifundisha kwa miaka mingi Rabi Moshe Tendler, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mwalimu wa Talmudi na papo hapo profesa wa biolojia. Hospitali zilipoanza kuwaweka wagonjwa kwenye mashine za kupumulia na kupandikiza viungo, lilizuka swali zito: mtu amekufa lini hasa? Moyo unaposimama, au shina la ubongo linapokufa hata kama mashine bado inausukuma mwili? Tendler alifundisha kwamba kifo cha shina la ubongo ni kifo. Marabi wengine, hata ndani ya chuo hicho hicho, hawakumuunga mkono. Hatumtaji ili kuamua nani alikuwa sahihi. Tunamtaja kwa sababu ubishi ule ulihitaji watu wanaojua Talmudi inasema nini na wanaojua shina la ubongo hufanya kazi gani. Aliyekuwa na kimoja tu alilazimika kusikiliza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na maisha yetu. Maimonides, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga utoaji wa sadaka katika ngazi nane. Ngazi ya juu kabisa ni kumwezesha mhitaji asimame mwenyewe, kwa mkopo, kwa ubia au kwa kumpatia kazi. Kumwekea sarafu mkononi kuko chini ya hapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alimsoma Maimonides na kumtaja kwa heshima katika maandiko yake. Sasa tujiulize: padre atawezaje kuwafikisha maskini wa parokia yake kwenye ngazi hiyo ya juu ikiwa hajui riba inavyokokotolewa, wala hawezi kusoma daftari la mapato na matumizi la kikundi cha kuweka na kukopa? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Parokia nyingi zina mashamba, zahanati, mashine za kusaga na mifuko ya wajane. Vikifa, wanaoumia ni wale wale waliotoa senti zao kwa imani. Hapo uhasibu unakuwa sehemu ya uchungaji.

Mama Kanisa amelisema hili zamani. Tarehe 28 Oktoba 1965, kwa siku moja, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati kadhaa, na tatu kati yake zinatuhusu hapa: ile ya malezi ya kipadre, ile ya elimu ya kikristo, na ile ya uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za kikristo, yenye fundisho zito kuhusu Wayahudi. Hati ya malezi ya kipadre inataka majandokasisi wapate kwanza elimu ya jumla na ya sayansi kama ile inayotakiwa kwa vijana wa nchi yao wanaoingia elimu ya juu. Inataka pia wafundishwe kutumia saikolojia na sosholojia katika utume, na wazifahamu dini nyingine. Mwaka 1992 Mtakatifu Yohane Paulo II alieleza kwamba malezi ya padre yana sura nne, ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji, na hakuna inayoweza kukatwa bila kuzijeruhi nyingine. Hata sheria za Kanisa zinawataka majaji wa mashauri ya ndoa watumie wataalamu pale shauri linapogusa ugonjwa wa akili. Kama ilivyo kwa yule mgonjwa wa Siku ya Upatanisho, neno la mtaalamu linasikilizwa kabla ya hukumu.

Wapo watakaotuambia kwamba elimu inaleta majivuno, na kwamba Mtakatifu Yohane Maria Vianney alihangaika sana na masomo lakini akawa mfano wa mapadre wote. Ni kweli kwamba elimu peke yake haimtakasi mtu. Lakini Vianney hakuyadharau masomo. Aliyahangaikia kwa machozi mpaka akapewa daraja. Na anayejivuna kwa takwimu angejivuna hata kwa rozari. Dawa yake ni toba, na ujinga haujawahi kuwa toba.

Tusimalize bila kusema hili. Kuwasoma Wayahudi kwa ajili ya kuazima mbinu tu hakutoshi. Ni watu walio hai, na Kanisa linafundisha kwamba agano la Mungu nao halijafutwa. Hata hivyo katika mahubiri yetu neno "Farisayo" bado hutumika kama tusi, na Ijumaa Kuu utasikia mtu akiwabebesha Wayahudi wote wa nyakati zote hatia ambayo Mtaguso ulikataa waziwazi kuwabebesha. Mwaka 1985 Vatikano ilitoa mwongozo maalumu juu ya namna ya kuwaeleza Wayahudi katika mahubiri na katekesi. Somo la dini ya Kiyahudi likichukuliwa kama la kupita tu, waamini ndio watakaolishwa makosa hayo kila Kwaresima.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Walimu wa masomo ya jumla walete darasani visa halisi vya parokia, ili mwanafunzi aone mapema somo linakwenda wapi. Majandokasisi waache kuyapanga masomo kwa matabaka, ya kipadre na ya kupita. Na waamini walei ambao ni waganga, wahasibu, wanasheria na walimu waalikwe seminarini kufundisha, nasi tukae chini tuwasikilize. Siku moja mmoja wao atamleta kwetu mama mgonjwa, au daftari la kikundi lisilolingana, na hatatuuliza tulipata alama ngapi. Atataka kujua kama tunaelewa anachokisema.