Paka Kipofu Naye Apewe Nyumba

Ndugu zangu wa Mwera na wa pwani yote ya Tanga, paka tumezoea kumfuga kwa sharti. Akikamata panya, yu mwema, hutupiwa kichwa cha samaki mlangoni. Akipofuka au akivunjika mguu, hatumpigi wala hatumfukuzi. Twamwachia barabara, tukisema Mungu atamjaalia. Hapo ndipo ninapotaka tusemezane leo, maana kumwachia barabara asiyeona ni kumhukumu kufa.

Tazameni vitoto vya paka vinapopatwa na mafua. Huanza chafya, kisha tongotongo za njano hugandisha kope, na nyuma ya kope zilizoshikana usaha hukaa ukila jicho. Virusi vya mafua hayo havimwambukizi binadamu. Mwenye kuwahi akayalainisha macho yale kwa pamba na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, akamwona daktari wa mifugo apate dawa ya macho, mara nyingi huliokoa jicho. Asipowahi mtu, paka hubaki chongo au kipofu. Lakini kipofu huyo hula, hucheza, huota jua, na huweza kuishi miaka mingi. Asichoweza ni kukwepa bodaboda na mbwa. Tena virusi vile havimtoki kabisa: hujificha mwilini, vikazuka tena akipata misukosuko, akaambukiza paka wengine. Kwa faida yake na ya wenziwe, mahali pake ni ndani.

Mtaniuliza: ndani wapi, nasi nyumba zetu ni za udongo na makuti? Chumba kimoja kinatosha. Dirisha liwambwe kipande cha wavu mkuukuu wa samaki, mlango ufungwe. Haja zake atafanyia katika beseni la mchanga mkavu. Beseni hilo na bakuli la maji visihamishwe mahali pake, kwani kipofu huipima nyumba kwa sharubu na masikio na kuihifadhi kichwani. Ukisogeza bakuli leo, umempotezea njia. Msemeshe kabla ya kumshika, asishtuke. Na kwa kuwa makucha hayana budi kunolewa, mzungushieni gogo kamba ya mkonge. Katika nchi yetu zao hili lilianzia hapa hapa Pangani: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe. Leo katika nchi za mbali watu hununua magogo yaliyozungushiwa kamba ya mkonge kwa ajili ya paka wao. Sisi tunaokaa kando ya mashamba yenyewe tutashindwaje?

Juu ya chakula nitasema kwa mkazo, kwa sababu hapa twawaumiza wanyama bila kujua. Ugali mtupu haumfai paka. Mwili wake hautengenezi vya kutosha kitu kiitwacho taurini, ambacho hukipata katika nyama na samaki. Upungufu wake hupofusha macho, na mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba huudhoofisha na moyo pia. Basi dagaa wachache waliochemshwa bila chumvi wala pilipili si anasa. Na kwa jina la Mungu, msimpe Panadol! Kidonge kinachotutuliza sisi homa humuua paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja dawa ile. Wala msimpake dawa ya kupe iliyokusudiwa mbwa au ng'ombe. Zenye permethrini humtia degedege na kumuua.

Wako watakaosema mambo haya ni ya Wazungu. La hasha! Abu Huraira, ambaye hadithi zake tunazisikia kila darasa, alipewa jina hilo kwa ajili ya kipaka chake. Na Abu Qatada alipotengewa maji ya udhu na Kabsha, mke wa mwanawe, paka akaja kunywa. Yule sahaba akakiinamisha chombo mpaka paka akashiba. Kabsha alipostaajabu, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mnajua pia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi anayemfungia paka ndani amejitwika riziki yake yote. Asiyeweza kumlisha kila siku asimchukue. Na sheria ya nchi yetu haiko mbali na hayo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amlinde na mateso.

Hofu ya maradhi siidharau. Paka huweza kupata kichaa cha mbwa, kwa hiyo achanjwe akitimiza miezi mitatu, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoagiza. Akimparura au kumuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu akimbilie hospitali. Mama mjamzito asiguse beseni la mchanga. Mwingine alisafishe kila siku, kwani vijidudu vya toksoplasma vilivyomo kinyesini huhitaji zaidi ya siku moja nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza.

Imebaki fedha. Daktari kuvuka mto kwa ajili ya paka mmoja ni gharama ambayo wengi wetu hatuiwezi, nami simlaumu maskini aliyeshindwa. Lakini mtaa mzima haushindwi. Kila mwenye paka au mbwa aandikishe jina kwa mwenyekiti wa kitongoji, tumwite afisa mifugo siku moja, wanyama wote wachanjwe pamoja, madume yahasiwe yaache kupigana na kuzurura usiku, nauli tuigawane. Tunachangishana kwa harusi na kwa msiba. Huu nao uwe mchango wetu, na uanze kabla masika hayajaifunga barabara.